Mbegu Moja ya Syokau

"Basi sema wewe, Mwongeli. Huu mchezo ungezaliwa leo, ungekosa watu kwa nini?"

"Kwa sababu unachosha, susu. Hauna rangi, hauna muziki, ni mashimo tu. Hata mbegu hazitoshi, moja imepotea."

"Haijapotea. Wacha kuhesabu vitu vya watu."

Walikuwa kwenye ubishi huo tangu chai. Mwongeli, mjukuu anayemwita Kavindu susu, yaani bibi, na anayeuza simu kule Mlolongo, alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya jiko, mkoba umeshafungwa. Mbele yao ulikuwa mwamba, na juu ya mwamba mashimo ya kiuthi, mchezo wa kupanda mbegu na kula za mwenzako. Kavindu alitaka wacheze mara moja tu kabla pikipiki ya kumpeleka Mwongeli stendi haijafika. Ila kuomba hakujui, kwa hiyo alikuwa akiitukana simu.

"Si nilikuwekea kiuthi kwa simu, susu? Unacheza nayo saa yoyote."

"Nilicheza. Ikanishinda, ikanyamaza. Mtu akikushinda akanyamaza, ujue anakuhurumia ama ana jicho kwa kuku wako."

Syokau, jirani wa ng'ambo ya ua, hakunyamaza hata siku moja. Kila alipokula mbegu za Kavindu alimwuliza, "Kwenu walikufunza kusonga ugali tu?" Kavindu husimulia kwamba mwaka mmoja walikaa hapo mwambani mpaka mahindi yakakomaa bila kupaliliwa, na fisi akaja akaketi kitako kutazama. Syokau ndiye aliyemfukuza, eti fisi alikuwa akimnong'onezea Kavindu mbinu.

Walikuwa na sheria yao. Anayeitwa kabla mchezo haujaisha huondoka na mbegu moja, ili alazimike kurudi. Syokau aliitwa jioni moja, mwanawe amekuja na gari la kumpeleka hospitali. Akafunga mbegu yake kwenye pindo la leso, akasema Kavindu asiguse kitu, anamjua. Leso ilirudi bila mwenyewe wala mbegu. Mibarika, miti ya mbegu hizo za mchezo, imejaa njia nzima, mbegu zinadondoka bure, na Kavindu hajaokota hata moja ya kuziba pengo.

"Sasa unacheza na nani siku hizi?" Mwongeli aliuliza.

"Mkono wa kulia na wa kushoto. Huu wa kushoto mwizi sana."

Mwongeli alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Akasogeza kigoda mpaka kwenye mwamba. "Mara moja tu, susu."

Kavindu alipanda harakaharaka, kama mtu anayeogopa mvua. Mwongeli akachota, akazungusha, akala shimo zima la bibi yake. Akainua macho.

"Susu, kwenu walikufunza kusonga ugali tu?"

Kavindu aliinamia mashimo. "Ulikuwa unatusikiliza, shetani wewe," akasema polepole. "Panda tena nikuone."

Mwongeli alichota tena, akaanza kudondosha moja moja. Akiwa amebaki na mbegu ya mwisho mkononi, alisimama ghafla akitafuta mkoba: pikipiki ilikuwa imezima nje ya ua.

"Mwongeli," Kavindu alisema, "hiyo mbegu uliyoshika, usiirudishe. Sisi hapa mtu akiitwa kabla..."

"Hodi jikoni," Musili wa boda akaingia, kofia ya chuma bado kichwani. "Twende, dada, gari inajaa."