Miguu ya Labani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipigiwa makofi kwa kitu kisichokuwa changu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, hapa Kihanga. Tulikuwa vijana sita wenye kikundi cha breki dansi, mimi nikiwa kiongozi. Magoti haya unayoyasikia yakilia nikiinuka yalikuwa na sifa zake. Tulizoea kucheza kwenye vumbi la gulio, watu wakituzunguka. Halafu nikapata wazo la kuupandisha mchezo jukwaani, uwe na mwanzo na mwisho, uonyeshe kazi za watu wa huku. Wazo lilikuwa zuri, hilo nalisema bila aibu. Shida ni kwamba tulijua kuzunguka kwa mgongo tu. Miguu yetu haikuwa na la kusema.

Miguu niliipata kwa Labani. Huyu alikuwa Mrundi, kibarua katika shamba letu la migomba. Kazi yake ilikuwa kukanyaga ndizi mbivu ndani ya mtumbwi wa mbao, zitoe juisi ya kutengenezea rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Kisigino kilitangulia, unyayo ukajipinda, goti likashuka, kisha akageuka bila kuacha kukanyaga. Alinifundisha mwezi mzima, nami nikawafundisha wenzangu. Aliniomba jambo moja tu: siku ya onyesho niseme mbele za watu kwamba zile hatua ni zake. Binti yake Konsolata, aliyekuwa darasa la saba, aliona haya kuitwa mtoto wa kibarua. Labani alitaka asikie. Nikaahidi.

Ukumbi wa shule ulijaa. Labani na bintiye walikaa benchi la pili. Tulipomaliza watu walisimama, na afisa mmoja mgeni akauliza kwa sauti, "Kijana, miguu hii mmeitoa wapi?"

Nikalitazama koti la Labani, lililochanika begani, nikaona nikimtaja watatucheka.

"Nimeibuni mwenyewe, mzee."

Makofi yalikuwa mengi. Sikumbuki sura hata moja ya waliopiga.

Kesho yake nilimfuata Labani kwenye mtumbwi wake.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba," akajibu, akiendelea kukanyaga. "Mimi hatua zangu nazijua. Kamwombe radhi Konsolata."

Nilimkuta akianua kahawa kwenye mkeka. Nikamweleza yote, hatua moja moja, na kila moja ilikotoka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa kaka, kwa nini hukusema jana, watu walipokuwepo?"

Nikainama, nikamsaidia kuanua kahawa iliyobaki. Kabla ya onyesho letu la pili walikuwa wamehama, wala hatukuambiwa wameelekea wapi. Siku hiyo nilimtaja Labani mara tatu jukwaani. Benchi la pili walikaa watu wengine.

Nasikia wewe na wenzako nanyi mnachanganya hip-hop na ngoma zetu, na mmealikwa kucheza mjini. Chezeni. Ila aliyekufundisha mtaje palepale unaposifiwa, yeye na wanawe wakiwa bado wamekaa wanasikia. Usimwekee kesho, mwanangu. Nami namwomba Mungu akupe miguu myepesi, na siku watakapokuuliza umeitoa wapi, akupe ujasiri nilioukosa mimi.