Pua ya Fundi na Mfuniko wa Tenki

Aibu niitoe kwanza, maana mkiisikia kwa wengine wataiongezea chumvi. Mimi Mwita, fundi niliyelisha watoto kwa kunusa mafuta, niliwekewa matambara mawili mezani, moja limelowa maji, lingine petroli. Nikaambiwa niweke mikono nyuma, niiname, ninuse, halafu niseme la petroli ni lipi. Nikasema la kushoto. Tena nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. La kushoto lilikuwa la maji.

Sasa nirudi mwanzo, ili nyie vijana wa gereji mjue mtu anafikaje hapo.

Kazi niliianzia Tarime mjini, kwenye gereji ya mtu binafsi. Shule niliishia darasa la sita, la saba nililichungulia dirishani tu. Siku ya kwanza fundi mkuu, mzee mfupi mwenye sauti ya dume la ng'ombe, hakunipa spana. Alinipa mfuniko wa tenki la mafuta.

"Hiki ni nini, mura?" Mura kwa Kikurya ni kijana, ila yeye alivyolitamka lilitoka kama tusi.

"Kifuniko, mzee."

"Kifuniko ni cha sufuria ya mama yako! Huu ni mfuniko wa tenki. Una mpira, una meno, na unapumua. Kama huu umekushinda, injini utaiwezea wapi?"

Basi akanifundisha. Mpira ni ile pete nyeusi ya ndani, inazuia mafuta yasitoke, vumbi na maji yasiingie. Meno ndiyo yanashika shingo ya tenki. Na kupumua ni hivi: kuna kitundu chenye valvu ndogo, kinaingiza hewa kadiri mafuta yanavyopungua. Kikiziba, gari linatembea kidogo, linazimika. Ukifungua mfuniko unasikia fyuuu, tenki linavuta pumzi, gari linawaka tena. Huku kwetu mfuniko ukipotea, mtu anachomeka gunzi la mahindi lililofungwa nailoni. Magari ya gunzi nimeyavuta mengi sana, na wenyewe wote walikuwa wanalaumu pampu.

Matunzo yake si makubwa. Futa kwa kitambaa kikavu. Mpira usiupake grisi, utavimba. Ukunje kidogo, ukiona nyufa weka mpira mwingine, na kama umeshagandana na chuma, badilisha mfuniko wote. Mpya uwe wa gari hilohilo, sio ile ya kuokoteza mpakani Sirari inayoingia magari yote na haifungi hata moja. Zungusha mpaka ulie kliki. Mwisho kabisa, na hapo mzee alikuwa mkali, unainama unaweka pua. Kama mfuniko umefunga sawasawa, hunusi kitu.

Pale kwenye pua ndipo nilipowazidi wenzangu. Vichwani walinizidi wao. Nilikuwa naweza kusimama mbali na gari nikasema hili linavuja, na kweli linavuja.

Kutoka Tarime nikaenda Nyangoto, gereji ya magari ya wachimbaji wadogo. Vumbi la mawe lile linakula mpira kama mchwa. Msimamizi wa kule alikuwa anatufokea tukimaliza petroli ya kunawia mikono, siyo kwa sababu tunanawa petroli, ila kwa sababu tunaimaliza. Ndivyo tulivyofanya kazi. Mikono tunanawa petroli, mafuta tunayavuta kwa mdomo na mrija wa mpira, ukimeza kidogo unacheka, unakunywa maziwa, unaendelea. Glovu niliziona kwa nesi tu.

Baadaye nikapata ajira kwenye karakana ya magari ya serikali upande wa Serengeti. Mkuu wa karakana alikuwa mtu wa Songea, mpole, anaongea polepole kama anahesabu maneno. Kule ndiko nilikopewa jina la Pua. Gari la wagonjwa lilikuwa halitoki getini mpaka Pua ainame, anuse, apige bodi mara mbili kwa kiganja. Pa, pa. Nenda.

Pua yangu ilivyoanza kufa, siku yenyewe sikuijua. Najua tu kwamba nilikaa jikoni, ugali ukaungua mbele yangu, na mke wangu akaja anapiga kelele: "We baba, umekaa na jiko kama mlinzi aliyesinzia!" Nikamwambia nina mafua. Mafua yale hayakuisha. Nilinusa kahawa, sikupata kitu. Nilinusa zizi, sikupata kitu. Kazini nikanyamaza. Mtu anayeitwa Pua akisema hana pua, anabaki nani? Nikaendelea kuinama na kupiga bodi.

Siku hiyo gari lilikuwa linakwenda Machochwe kumchukua mtoto aliyebanwa kifua. Lilikuwa la petroli, tenki limejaa. Dereva alikuwa mgeni, ndiyo kwanza amehamia. Nesi alikuwa binti wa Lindi, mwenye adabu.

"Shikamoo mzee Mwita. Huku nyuma nasikia harufu ya petroli."

"Marahaba binti yangu. Harufu hiyo ni mimi. Hata mke wangu analalamika."

Akacheka. Nikainama, nikaweka pua kwenye mfuniko. Hakuna kitu. Ningepitisha kidole tu chini yake ningekuta unyevu, fundi wa wiki ya kwanza angekipitisha. Lakini mimi nilikuwa Pua, vidole vya nini? Nikapiga bodi. Pa, pa.

Mtoto alipona. Nawaambia mapema msisome mmebana pumzi kama mimi nilivyobana.

Mpira wa mfuniko ulikuwa umepasuka. Kila kona, petroli inachuruzika ubavuni, harufu inaingia kwa mlango wa nyuma. Walipokuwa wanarudi na mgonjwa, yule mtoto alikuwa kwenye oksijeni. Nesi akaona macho yanamwasha, na alijua oksijeni na mvuke wa petroli havikai chumba kimoja. Cheche moja tu inatosha. Akafunga mtungi. Akamwambia dereva asimamishe gari, azime. Wakamshusha mtoto pembeni ya barabara, kwenye majani, mama yake anampepea kwa khanga, mbavu zinapanda na kushuka, wanasubiri gari lingine. Binti yule alilazimika kuchagua kati ya kumnyima mtoto hewa na kumlipua. Uchaguzi huo nilimpa mimi, na utani wangu juu yake.

Kesho yake mkuu akaniita ofisini. Hakufoka.

"Mzee Mwita, nesi anasema alikwambia."

"Aliniambia."

"Na ukanusa."

"Nikanusa."

Akatoka, akarudi na matambara mawili, akayaweka mezani. "Mikono nyuma, mzee wangu." Mengine mnayajua. Nilipotaja la kushoto, akalikamua, maji yakadondoka.

"Tangu lini?"

"Tangu ugali ulipoungua," nikasema. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

Muda wangu wa kustaafu ulikuwa karibu. Nikaomba niondoke mapema, wakaniaga kwa soda na blanketi. Nilikwenda Machochwe kumsalimia yule mtoto. Alinikimbia, akajificha nyuma ya mama yake. Mama alinipa kiti na uji, hakuuliza chochote.

Kwa hiyo vijana, vaeni glovu. Mafuta msivute kwa mdomo. Mfuniko upitishie kidole na jicho, halafu ndiyo pua. Na kiungo chako kikikufia kazini, sema siku hiyohiyo, hata kama ndicho kilichokupa jina.

Nilipokwisha kuondoka kazini, Marwa alikuja kunitembelea. Ni rafiki yangu, mtu wa Nyambureti, ameendesha yale magari ya wagonjwa miaka mingi. Alikaa, akazungushazungusha kofia mikononi.

"Mwita, nikwambie kitu, usichukie."

"Sema."

"Sisi madereva tulijua kitambo. Wewe ukishapiga bodi, tulikuwa tunatoka getini, tunasimama nyuma ya ukuta, tunashuka, tunanusa wenyewe. Kila safari. Mimi nilikuwa natembea na mipira ya akiba kwenye dashibodi. Ukiwa umekosea, nabadilisha, naondoka. Hatukutaka kukuvunja."

Marwa akavaa kofia yake.

"Yule dereva mgeni," akasema, "ndiye hatukumwambia."