Barua Iliyopambwa kama Kibuyu

Masizi ya sufuria yakichemshwa pamoja na gundi ya mgunga hutoa harufu nzito, kama kuni mbichi iliyogoma kuwaka. Hiyo ndiyo harufu ya nyumba yetu ya Chechelesi mwaka ule ambao dada yangu Talaso alisubiri kuingia kidato cha kwanza. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kukwangua masizi chini ya sufuria na kuokota manyoya ya korongo nyuma ya kichinjio, yale marefu ya bawa. Talaso aliyachonga ncha kwa wembe, akaipasua kidogo katikati, akachovya kwenye wino huo wa masizi, akaandika. Mama alisema sufuria zake hazijang'aa hivyo tangu aolewe, na akauliza kama watoto wa watu wengine nao husomea jikoni.

Mambo haya yaliletwa na kitabu kisicho na jalada. Aba, baba yetu, alikuwa dalali wa mbuzi, mtu wa kusoma polepole kwa kidole. Siku moja alimkuta mwenye duka mmoja, Mmeru aliyenunua karatasi kuukuu za kufungia bidhaa, akikichana kitabu kikubwa ili afungie tumbaku. "Mzee, hiki hakisomeki," mwenye duka alimwambia, "ni madoido matupu." Aba akajibu, "Basi nipe hayo madoido." Kilikuwa kitabu cha miandiko ya mabingwa Waingereza wa zamani, enzi za kalamu za manyoya. Kila ukurasa ulikuwa na kazi ya bingwa mmoja, na chini yake jina lake na mtaa wa London alikofundishia. Mstari ulianza mwembamba kama unywele, ukanenepa ukiteremka, ukakonda tena ukipanda. Mmoja alichora ndege mzima, mabawa na mkia, bila kuinua kalamu. Sijapata kuona kitu kizuri kuliko ndege yule, na nasema hivyo nikiwa mtu mzima mwenye hasira.

Talaso aliwazungumzia mabingwa wale kama majirani. "Njoo uone, huyu mzee hapa mkono ulimtetemeka," aliniambia, akionyesha herufi ambayo mimi niliiona sawa tu. Au, "Huyu ana maringo, lakini maringo yake ameyafanyia kazi." Aliiga ukurasa mmoja kwa wiki nzima kabla ya kufungua wa pili. Ukurasa wa mwisho ulieleza namna ya kutengeneza wino, na tulipousoma kwa msaada wa kamusi tulikuta wanataja gundi ya miti ya miiba kutoka nchi za joto, yaani migunga kama yetu. Talaso alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe walitungoja sisi," akasema. Tangu siku hiyo alianza kuandika kama mtu aliyerudishiwa chake.

Alifaulu mtihani, na shule ya bweni ikamwita. Ukame ulikuwa umewamaliza mbuzi wetu, kwa hiyo bila basari, ule msaada wa karo, asingekwenda. Barua ya maombi ilitakiwa iandikwe na mwanafunzi kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lilitokana na adabu zetu. Kwetu Waborana, maziwa ya mtu wa heshima hayapelekwi katika kibuyu kitupu. Kibuyu huvishwa ngozi na kauri, ili mgeni ajue amethaminiwa kabla hajaonja. Aba akasema, "Barua ni maziwa. Ipambe." Talaso aliandika siku tatu. Chini kabisa, baada ya jina lake, alichora yule ndege. Aba aliiinua karatasi kwenye mwanga wa mlango akasema chema chajiuza. Nimeuchukia msemo huo tangu siku hiyo.

Kamati ya basari ilituita. Talaso aliniambia nibebe mfuko wenye chupa ya wino na manyoya, pengine wangetaka kuona. Mwenyekiti alikuwa mwanamume wa tai nyekundu, mbele yake sahani ya mandazi. Aliishika barua kwa vidole viwili.

"Nani amekuandikia hii?"

"Ni mimi, bwana."

"Wewe? Wacha mchezo. Mimi nina digrii na siandiki hivi. Sasa msichana wa mbuzi?" Wenzake wakacheka. Akamgeukia Aba. "Mzee, ulimtafuta karani gani? Hata ndege amekuchorea!"

Aba alisema, "Huyu ni mtoto wangu, na huo ni mkono wake." Mwenyekiti akasukuma karatasi na biro mezani. Talaso akaandika. Lakini biro hainenepi ukiikandamiza wala haikondi ukiilegeza. Yalitoka maandishi ya mtoto yeyote wa darasa la nane. Akasema kwa sauti ndogo, "Bwana, ninayo kalamu yangu," akanigeukia.

Mfuko ulikuwa kati ya miguu yangu. Niliwatazama watu wale wenye tai na viatu vinavyong'aa, nikawaza masizi ya sufuria yetu na manyoya ya ndege anayekula uchafu wa kichinjio, nikaona haya. Niliusukuma mfuko kwa kisigino chini ya benchi. "Umebaki nyumbani," nikasema.

"Mnaona?" mwenyekiti akasema, akachukua andazi. Wakaandika kwamba barua ni ya kughushi.

Tukatoka. Talaso aliuona mfuko mkononi mwangu nje pale, akautazama, akanitazama, kisha akamfuata Aba. Hakunitaja kwa Aba siku ile wala baadaye. Kabla ya mwaka wa pili kwisha aliolewa kijijini Korbesa. Alikwenda na kitabu, na huko mchwa wakakila. Alizaa watoto watano, akawa anawasomea majirani barua zao. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye; yangu yalikuja siku ileile na hayajaondoka. Lakini sitakubali kuubeba mzigo wote peke yangu. Mimi nilikuwa mtoto. Wao walikuwa watu wazima waliopewa kazi ya kumtambua mtoto hodari, wakamwona, wakamwita mwongo kwa sababu alikuwa hodari kupita walivyomkadiria.

Talaso alifariki mwaka jana. Mwezi uliopita nilikwenda saiba, duka la kompyuta, kuchapisha kadi za arusi ya binti yake. Kijana wa pale alibonyeza mara mbili, na mwandiko wa wale mabingwa ukajaa kwenye kioo, mnene ukiteremka, mwembamba ukipanda. "Hii ndiyo ya heshima, mathe," akasema. "Kila mtu anaitaka. Hata ofisi zinaitaka kwa vyeti." Nikamuuliza nani aliuandika. Akacheka: "Hakuna mtu, imekuja na mashine." Nilisogea karibu. Kila herufi ilikuwa pacha wa mwenzake, hakuna hata moja iliyotetemeka. Hakuna mtu aliyeitaka mashine ithibitishe kwamba mwandiko ni wake.

Nikamwambia afute, aweke herufi za kawaida. Alisema kadi zitakuwa mbaya. Nikamwambia najua.