Chai ya Neema

Juzi, Tottenham, basi lilipita na tangazo la ile filamu ya mtunzi wa muziki anayedaiwa kutiliwa sumu na mwenzake mwenye kijicho. Nikasikia tena harufu ya tangawizi.

Niliitazama utotoni. Kesho yake binamu yangu Neema, aliyenishinda kupiga kinanda kanisani, akashikwa na homa. Nilimwonea kijicho sana, kwa hiyo niliamini nimemdhuru. Mama, mwalimu wa kwaya, akanipa chai ya tangawizi nimpelekee.

“Nikimpa mimi atakufa, kama wa kwenye filamu!”

“We mtoto! Yule mtunzi aliugua tu, filamu imetia chumvi. Tena huyo mwenye kijicho alikuja kumfundisha muziki mtoto wa marehemu.”

Nikampelekea. Nilimkodolea macho Neema mpaka akamaliza, akacheua.

“Niletee nyingine, uongeze sukari,” akasema.

Nikakimbia jikoni nikicheka.