Tashbihi Niliyoikata

Mwaka 2011 nilikuwa mwanafunzi wa uzamili hapa Johannesburg, nikiandika tasnifu juu ya tashbihi ndefu katika tenzi za kale za Wayunani. Mkuki umeshainuliwa, mtu anakaribia kufa, na ghafla mshairi anaondoka vitani. Anatusimulia habari za mchungaji, zizi, simba, mbwa waliochoka kubweka, kisha ndipo anakumbuka kuurudia mkuki. Mimi ni mtu wa haraka, hata chai huinywa nimesimama, na tashbihi hizo zilinichosha. Niliandika sura nzima kuthibitisha kuwa ni pambo tu, pumziko la msikilizaji. Ukiliondoa, kisa hakipungukiwi na kitu.

Siku mbili kwa wiki nilikuwa mkalimani katika ofisi ya wakimbizi. Asubuhi moja aliingia mama Mrundi niliyemfahamu kwa sura, muuza nyanya karibu na robot, taa za barabarani, za mtaani kwetu, Kensington. Mahojiano yale ndiyo yangeamua kama atapewa hifadhi au atarudishwa kwao na watoto wake watatu.

Ofisa aliuliza nini kilitokea siku nyumba yao ilipovamiwa. Mama alinitazama mimi, si ofisa.

"Dada, ni kama vile umeanika maharage ku mukeka, uani. Halafu wingu linatoka ku mulima, haukuliona. Unashika mukeka pembe zake, unakimbia mu nyumba. Unafika, unatazama, kumbe pembe moja ilikuponyoka. Mvua imeshayabeba yale ya upande ule, imeyapeleka mu mufereji. Utarudi namna gani, na mvua ni ile?"

Ofisa alitazama saa. "Eish, sista, kwa kifupi tu." Foleni nje ilikuwa imezunguka jengo. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba walivamiwa ghafla, mama akachukua watoto, wakakimbia.

"Sharp," akasema, yaani sawa, akaandika. Nami, Mungu anisamehe, nilijiona fundi.

Maswali yakaendelea mpaka akaulizwa amezaa watoto wangapi. "Wanne," akajibu. Ofisa akarudi ukurasa wa nyuma. Fomu ilitaja watatu. Akauliza wa nne yuko wapi, kwa ile sauti niliyoizoea, ya mtu aliyekwisha kumnasa mwongo.

Mama akanigeukia kwa mshangao. "Si nimeshasema?"

Kweli alikuwa ameshasema. Mtoto alikuwemo mle, ndani ya maharage, nami nilimwacha kwa sababu nilikuwa na haraka. Nikinyamaza, mama ataandikwa mwongo. Nikisema, huenda nisiitwe tena katika ofisi ile, na huenda yeye pia asisadikiwe, ionekane tumepanga. Niliogopa, na nisidanganye, kwanza nilijiogopea mwenyewe. Ofisa alikuwa ameanza kugonga meza kwa kalamu.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Alisema. Mimi ndiye niliyekata."

Akaniamuru nirudie yote. Nikatafsiri mkeka, wingu, mlima, mfereji, bila kuruka neno. Ofisa hakuandika. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, swali ambalo alisema hana budi kuliuliza: mtoto alipobaki nyuma, alikuwa hai?

Nilihangaika kulizungusha swali lile kwa Kiswahili, nilitafutie mfano wowote, nilifunike kidogo kabla halijamfikia. Sikupata kitu. Miaka miwili ya kusoma tashbihi, na sikuwa na hata moja ya kumpa. Nikamuuliza hivyo hivyo, kavu.

Mama aliacha kunitazama. Aliikunjua mikono yake, akailaza mapajani.

"Alikuwa analia," alisema.