Mjomba Nitakua na Raba za Kijivu

Mjomba wangu Revocatus alipata jina la Nitakua akiwa na miaka ishirini na mbili na ndevu zake usoni, na alijipa mwenyewe. Hakuna wa kumlaumu.

Ilikuwa soko la Mlango Mmoja, Mwanza, kwenye mitumba, mwaka tisini na mbili. Kashika suruali ya jinsi ambayo angeingia yeye na mwenzake na nafasi ya begi ikabaki. Muuzaji, mtu mwenye roho nzuri kabisa, akamwambia, "Kaka, hiyo kubwa. Jaribu hii hapa."

Mjomba, bila hata kufikiri, akajibu, "Haina shida, nitakua."

Wadau, mama aliyekuwa anauza nyanya pembeni ilibidi akae chini. Muuzaji akamwangalia kuanzia utosini mpaka kwenye vidole, akamuuliza kwa upole, "Utakua kwenda wapi?"

Mjomba anafika nyumbani Mabatini, jina limeshafika kabla yake. Mtoto wa jirani anamsalimia, "Shikamoo Nitakua!" Enzi hizo hakuna kumbloku mtu, hakuna kujitoa kwenye grupu. Ukipewa jina unalo, unalala nalo.

Lakini tumtendee haki. Bibi yangu Kashindye, mama yake, alilea watoto Magu, na Magu nguo zilinunuliwa mara moja kwa mwaka, pamba ikishauzwa. Kwa hiyo kila kitu kilinunuliwa kikubwa. Shati lazima lifike magotini, mwakani lifike kiunoni, mwaka wa tatu apewe mdogo mtu. Viatu ndiyo usiseme. Mtoto hapelekwi dukani. Bibi anavunja bua la mtama, analipima na unyayo wako, anaongeza upana wa dole gumba, anasema, "Nafasi ya kukua," halafu bua linapewa mtu yeyote anayekwenda mjini. Mama yangu Rose, ambaye ni dada yake mjomba, anasema Krismasi walikuwa wanakwenda kanisani kama watu waliokanyaga mabeseni.

Basi, watoto wengine walikua. Mjomba alifika kimo fulani darasa la saba, akaona panatosha. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia ile nafasi ya kukua ina mwisho. Miaka ishirini na nne, bega la shati liko kwenye kiwiko, suruali imekunjwa mara tatu chini, mkanda umemzunguka mpaka ncha yake inaning'inia mgongoni. Na moyoni anaamini kabisa kwamba mtu aliyevaa nguo inayomkaa ni mtu aliyeishiwa kitambaa.

Angeendelea hivyo mpaka leo, ila mwaka tisini na nne mambo yakawa magumu. Ghala la pamba alikokuwa anabeba mizigo lilifungwa. Soko huria ndiyo lilikuwa limeingia, wengine wakafungua maduka, wengine wakafungashiwa virago. Mjomba akaanza kusukuma mkokoteni. Babu Luhaga, baba yake, akasikia huko Magu, akatuma salamu na mtu: "Mwambieni, mvua za kwanza zikinyesha hana kazi ya kueleweka, arudi. Jembe lake lipo, na shamba nimeshamkatia."

Babu hakuwa mtu wa utani. Na mjomba, kati ya vitu vyote duniani, alikuwa anataka kimoja tu: asilishike lile jembe. Mji ulikuwa umeshamwingia.

Oktoba hiyo, Faisal, kijana wa familia moja iliyouza vitambaa Mwanza tangu zamani, akafungua duka lake mitaa ya Makoroboi. Jinsi, fulana, mashati ya kushindia na raba. Raba zenyewe kali, soli nene, mishono miwili. Akawa anatafuta muuzaji wa kusimama mlangoni. Mjomba akaegesha mkokoteni kona, akaingia.

"Unaitwa nani?" Faisal akauliza.

"Revocatus."

"Nitakua huyo!" ikasema sauti kutoka kwenye benchi.

Alikuwa Nestory, naye kaja kuomba kazi ileile. Nestory alikuwa ndiye mtanashati wa mtaa, au tuseme ndivyo alivyojitangaza: shati la kung'aa, cheni, miwani myeusi ndani ya duka lisilo na jua.

Faisal aliwasikiliza wote wawili, akawaambia, "Maneno mnayo, hilo nimeona. Ila mteja anamtazama muuzaji kabla hajatazama mali. Jumamosi saa nne njooni na nguo zenu. Sitaki za kanisani, sitaki za harusini. Za kushindia tu. Atakayefanya mtu atamani kuvaa kama yeye, huyo anabaki." Halafu akamgeukia mjomba. "Na wewe ndugu yangu, nakuomba sana. Maana leo sijaelewa kama umevaa au umejificha."

Nestory alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Mabatini kulikuwa na fundi cherehani anaitwa Maulida, dada wa makamo, kibaraza chake kinatazamana na kwa mjomba. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Mjomba akampelekea suruali mbili, fulana mbili na shati la mikono mifupi.

"Dada Maulida, naomba unipunguzie. Kidogo tu."

"Vaa nione."

Akavaa. Maulida akamzunguka mara moja, pini mdomoni.

"Kaka Revo, humu ndani mko wangapi?"

"Dada, bwana!"

"Simama vizuri. Ona, mshono wa bega unakaa kwenye mfupa wa bega. Huu hapa, si chini huko unakokwenda kusalimia kiwiko. Fulana iishie chini ya mkanda kidogo, isiwe gauni. Suruali ikifika kwenye kiatu ijikunje mara moja, basi. Na kiuno kisimame chenyewe, mkanda uwe pambo." Anasema huku anabana pini. Alipofika kiunoni mjomba akajivuta pembeni.

"Hapo acha nafasi, dada."

"Nafasi ya nini?"

"Basi tu. Isije ikabana mbele ya safari."

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na nne."

"Na mama yako anajua kwamba umeshaacha kukua, au tumwandikie barua?"

Mjomba anasema ilikuwa mara ya kwanza maishani kufikiria jambo hilo. Akasimama, akaachia pini ziingie. Malipo yalikuwa kumhamishia Maulida cherehani na meza yake kwa mkokoteni mpaka kibaraza kipya cha barabarani. Alhamisi jioni nguo zikawa tayari, akavaa, na mama yangu, aliyekuwa anakaa naye, akamuuliza, "Samahani kaka, unamtafuta nani hapa?"

Kumbe mjomba alikuwa na mabega! Na kiuno kilikuwepo siku zote. Dada yake mwenyewe alikuwa hajawahi kuviona.

Zikabaki raba. Na hapo, wadau, Magu ikamrudia. Ijumaa alikuwa na mzigo wa kutoa kivukoni Kamanga siku nzima, hawezi kwenda sokoni. Akafanya nini? Akavunja kijiti. Akakipima na unyayo, akiwa amekaa, asubuhi, mguu haujakanyaga hata hatua kumi. Mkono wake ukaongeza dole gumba wenyewe, kwa mazoea, akampa mama yangu.

Jioni mama akarudi na raba nyeupe zenye mistari myekundu, nzuri mpaka majirani walitoka nje. Mjomba akavaa. Kisigino kinainuka, raba imebaki chini. Akijaza magazeti mbele, ncha inajipinda juu kama mtumbwi. Akijaribu kutembea kijanja, anatembea kama bata.

"Dada, umeninunulia za nani hizi?"

"Kijiti ndicho kilichonunua, mimi nilikisindikiza tu," mama akajibu. "Umekiongeza dole gumba, au hukukiongeza?"

Mjomba akakitazama kijiti. Akakivunja, akakitupa jikoni.

Maulida, aliyekuwa anafunga kazi, akapaza sauti kutoka barabarani: "Kiatu hakipimwi umekaa! Nenda mwenyewe, simama, vaa vyote viwili, tembea. Kisigino kikicheza, acha. Kidole kikigusa mbele, acha. Na usipende rangi kabla hujakunja soli!"

Jumamosi saa moja asubuhi mjomba yuko Mlango Mmoja, nguo za Maulida mwilini, ndala miguuni, raba nyeupe mkononi. Muuzaji aliyemuuzia mama akakubali kubadilisha kwa kuwa hazikuwa zimegusa tope. "Subiri belo lifunguliwe," akasema.

Kama hujawahi kuwa pale belo la viatu linapokatwa kamba, hujui kitu. Watu wanaingia kwa mikono, kwa vichwa, kila mtu anavuta kinachong'aa. Mjomba hakuvuta kinachong'aa. Akaona raba moja ya kijivu, ngozi, haina mbwembwe, imelala upande. Akaikunja soli, ikakunjika na kurudi. Akatazama kisigino, hakijaliwa upande. Akavuta mishono, imekaza. Mguu wa kulia huo. Akaanza kuusaka wa kushoto.

Wa kushoto ulikuwa mkononi kwa Nestory.

"Lete hiyo, Nitakua," Nestory akasema. "Wewe za saizi yako zinauzwa wapi? Kwenye boti?"

Watu wakacheka. Hawakuachiana. Mmoja kashika wa kulia, mwingine wa kushoto, saa inakwenda. Muuzaji yule alikuwa na sheria yake kwa kesi kama hizo, na wateja wake wote waliijua: kiatu anachukua ambaye mguu wake umekaa. Akatandaza maboksi ya karatasi chini, kiatu kisiguse tope, akasema, "Pandeni hapa. Avae mmoja, atembee. Kisha mwingine."

Nestory akaanza. Akasukuma mguu, vidole vikaingia, kisigino kikagoma. Akapiga chini. Akapiga tena. Jasho likamtoka chini ya miwani.

"Itatanuka," akasema.

"Itatanuka lini?" mama wa nyanya akadakia. Ndiyo, yuleyule, hakosi shughuli. "Baada ya kukukata vidole?"

Zamu ya mjomba. Akasimama wima. Akaingiza mguu wa kulia, akaingiza wa kushoto, akafunga kamba. Akatembea hatua sita kwenda, sita kurudi. Kisigino kimetulia. Mbele kuna nafasi ya ukucha tu. Anasema alihisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi tangu azaliwe: ardhi. Siku zote alikuwa anakanyaga kiatu, siku ile ndiyo alikanyaga Mwanza.

"Zimekaa," muuzaji akasema. Soko zima likapiga makofi. Nestory akatoka kwenye maboksi, akaondoka na viatu vyake vya kuchongoka alivyokuja navyo.

Saa nne, dukani kwa Faisal. Nestory kaja na cheni mbili sasa, shati la maua, na shati lenyewe linambana tumboni mpaka vifungo vinaomba msamaha. Mjomba kaja na fulana nyeusi iliyomkaa, jinsi ya bluu iliyojikunja mara moja, raba za kijivu. Basi. Hakuna kingine.

Faisal akawatazama. Kabla hajafungua mdomo akaingia mteja, mwalimu mmoja mzee kutoka Misungwi, koti limemwagika, suruali inafagia sakafu. Akatazama rafu, akamtazama Nestory, akamtazama mjomba. Akanyoosha kidole.

"Mimi nataka niwe kama huyu."

Nestory akawahi, "Mzee, kuna hizi za kung'aa..."

"Kijana, nimesema kama huyu."

Mjomba akasogea. "Shikamoo mwalimu. Karibu ukae. Hapana, samahani, usikae. Simama, tupime mguu ukiwa umesimama." Akampa raba, mwalimu akaomba zinazozidi saizi mbili, akisema anapenda kupumua. Mjomba akamjibu, "Mwalimu, pumua kwa pua. Miguu ikae." Akampigisha hatua sita kwenda, sita kurudi. Akamvalisha shati, akamwonyesha mfupa wa bega mbele ya kioo. Mwalimu akajitazama muda mrefu. Akageuka upande. Akavuta tumbo. Akasema taratibu, "Kumbe bado kijana mimi."

Akatoka amevaa vipya, koti la zamani kwenye mfuko.

Faisal akamgeukia mjomba. "Jumatatu saa mbili uwe umefungua."

Nestory, nimpe haki yake, hakununa. Alivua miwani, akamvuta mjomba pembeni, akanong'ona, "Huyo fundi wako anakaa wapi?"

Mvua zilianza Jumatano. Mjomba aliziangalia zikinyesha akiwa mlangoni, juu ya baraza kavu, raba safi, kalamu sikioni. Babu alipopewa habari alimpa mtu mwingine lile shamba na kusema tu, "Basi avae vizuri, asituaibishe." Miaka minne baadaye mjomba alikuwa na duka lake Kirumba, na Maulida na cherehani yake ndani, kona ya dirishani. Mpaka leo ukiingia kwake na bega limeshuka haongei na wewe, anakuvuta mshono kwanza.

Sasa na nyie semeni. Baba yako, kaka yako, au wewe mwenyewe, nguo ya kwanza iliyokukaa sawasawa uliipata wapi, nani alikuvalisha, na siku hiyo ulikwenda wapi nayo? Andikeni hapo chini, na wenye picha za studio za miaka ile wekeni, msione haya. Hatutacheka sana.