Siagi Katika Viazi vya Bendicht

Mtu wa bonde letu akikuambia kwamba mume wangu Bendicht alinyang'anywa sufuria ya mlimani kwa sababu ya ugonjwa, mwambie aje aniulize mimi. Ugonjwa ulikuwapo, sikatai. Lakini mkono ulioshika kijiko ulikuwa wangu, Madlen, na sitaki mtu anipunguzie lawama.

Majira ishirini na saba ya joto Bendicht alikuwa mtengeneza jibini wa mlima wetu. Mwezi wa sita ng'ombe wa familia kumi na moja wanapandishwa malisho ya juu, naye anapanda nao na kukaa huko hadi Septemba. Kila alfajiri anapasha maziwa kwenye sufuria ya shaba ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake. Kipimajoto kilikuwapo, kimetundikwa ukutani kwa ajili ya wakaguzi. Yeye alitumbukiza mkono, akaonja, akasema bado, au tayari. Hakukosea.

Mezani alikuwa mtu mwingine kabisa. Tonge moja la nyama alilitafuna mpaka wenzake wamefika kwenye kahawa, na kila tonge alilisindikiza na maji. Siku nyingine aliinuka bila neno, akaenda bandani, akarudi macho mekundu. Ukimuuliza, alisema alikuwa anaangalia ndama.

Kaka yangu Kaspar hakumwacha salama. "Shemeji, ng'ombe wako ameshacheua na kulala, wewe bado uko kwenye tonge la kwanza."

"Ng'ombe ana matumbo manne. Mimi Mungu alinipunja."

Watu wakacheka, yakaisha. Mimi sikucheka. Nilidhani ananidharau, anakinai mapishi yangu mbele ya ndugu zangu. Nina mdomo, najijua. Siku moja nilimwambia, "Kama chakula changu hakipiti, sema, nikuletee nyasi." Aliinamia sahani yake akaendelea kutafuna. Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Mwaka juzi, siku ya kugawana jibini, familia zote zikiwa mezani, kipande cha nyama kilimkwama. Alipumua vizuri, aliongea, ila hakuweza kumeza hata mate yake. Alikaa akitemea kwenye leso mpaka Kaspar akamtia kwenye gari.

Hospitali ya mjini walimshusha mpira wenye taa kooni, wakaitoa ile nyama, wakanyofoa na vipande vidogo vya umio kwenda kupima. Wiki iliyofuata daktari, mama mmoja mpole aitwaye Imboden, akatuketisha.

"Ni mzio. Si ule wa kula karanga midomo ikavimba hapo hapo. Huu unakwenda polepole, miaka na miaka. Umio unawaka kwa ndani, unafanya pete pete, unazidi kuwa mwembamba. Umeanza lini kula polepole?"

"Tangu ujana," Bendicht akasema.

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nini? Kwamba mwanamume mzima nashindwa kula?"

Mimi niliangalia sakafu. Miaka yote ile nilimtukana mtu mgonjwa.

Kwanza alipewa vidonge vya kuyeyusha ulimini kisha kumeza. Vilimsaidia, lakini ulimi ukaota utando mweupe wa ukungu, na maziwa yakawa na ladha ya chokaa. Daktari alisema hilo hutokea, lina dawa, tutapunguza kipimo. Bendicht akakataa katakata.

"Mtengeneza jibini asiye na ulimi ni mchemsha maji tu, daktari."

Basi ikabaki kujitibu kwa kuchagua chakula. Unaondoa kitu kimoja wiki kadhaa, mpira unashuka tena, wanaangalia. Wakaanza na maziwa, maana ndiyo yanayowakorofisha wengi. Unaona mtihani wenyewe. Tulikubaliana kwamba kama ni maziwa, atatengeneza jibini bila kulimeza, na mimi nitapanda naye nionje kwa niaba yake. Mkutano wa mlima, ambapo familia zote humchagua mtengeneza jibini, ulikuwa mwezi wa tatu. Akiwa na nguvu siku hiyo, sufuria ni yake. Asipokuwa nazo, anapewa mwingine, na mlimani hapati tena kazi ya maana. Hakuwa na kitu kingine alichokipenda namna ile, na mimi nilijua.

Nilitoa jibini nyumbani. Nikatoa maziwa, malai, mtindi. Mwanangu, ile nyumba ilinuka upweke. Bendicht alikula viazi vya mafuta ya alizeti kama mtu anayelipa faini, nikamwonea huruma. Siku ya nne nikatia kijiko cha siagi kwenye kikaango.

Usinishangae. Hapa kwetu maziwa ni kile cheupe kinachonyweka. Siagi ni mafuta. Mama yangu alikuwa nayo kwenye mtungi karibu na jiko, pamoja na chumvi, na hakuna aliyewahi kuiita maziwa. Daktari alisema, "Chochote kitokacho kwenye maziwa." Nilimsikia kwa masikio haya. Nikajiambia hamaanishi kijiko kimoja cha kulainisha viazi. Jioni ile Bendicht alimaliza sahani, nikafurahi, na kila siku baada ya hapo nikatia.

Januari mpira ukashuka. Hakuna kilichobadilika. Ikaonekana kuondoa maziwa peke yake hakutoshi, wakaondoa na ngano, mayai, soya, samaki, karanga za kila aina. Siagi yangu ikabaki pale pale. Bendicht alipungua kilo kumi na mbili. Suruali alizifunga kwa kamba, na ngazi za ghalani alipanda akipumzika mara mbili.

Kwenye mkutano walimtaka anyanyue jibini moja zima, duara zito kama gurudumu, kutoka rafu ya chini hadi ya juu. Hawakumwonea, ndivyo wanavyofanya kwa kila mtu. Alilifikisha kifuani, mikono ikatetemeka, Kaspar akalipokea kabla halijaanguka. Sufuria wakampa Kaspar, kwa miaka sita.

Wiki mbili baadaye binti wa lishe wa hospitali alinipigia simu. Akataka nimtajie kila kinachoingia kwenye kikaango, hata kiwe kidogo vipi. Nikataja viazi, vitunguu, chumvi, siagi. Akasema kwa upole, "Mama, siagi ni maziwa. Tuanze upya." Nililia nikiwa nimesimama na simu mkononi. Bendicht nilimwambia tu kwamba wamesema tuanze upya.

Mwisho wa Mei, baada ya wiki nane bila siagi, umio ulikuwa safi. Daktari Imboden alitupa mkono wa pongezi sote wawili. Akasema ni maziwa, na inaelekea ni maziwa tu, kwa hiyo vingine virudi kimoja kimoja, tuanze na mkate. Tukanunua mkate karibu na lango la hospitali, baada ya kuuliza kama una maziwa, tukakaa kwenye benchi. Aliula mkavu, nusu nzima, bila tone la maji. Sikuwahi kumwona hivyo tangu tuoane. Nikaona nisiposema sasa sitasema tena.

"Bendi, nilikuwa nakutilia siagi. Kwenye viazi. Tangu siku ya nne."

Akaendelea kutafuna.

"Umenisikia? Mimi ndiye niliyekupotezea sufuria."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Siagi. Nilijua tonge la kwanza, Madlen. Ilikuwa ya ng'ombe wa upande wa kaskazini, wanaokula majani makavu." Akapangusa makombo magotini. "Miaka ishirini na saba naonja, nisiijue siagi?"

Hasira zilinipanda. "Na ukanyamaza? Ukajiachia ukonde vile, ukaenda mkutanoni, ukanyamaza?"

Hakunitazama. "Ningesema, ungeacha kutia."

Tulikaa pale mpaka basi letu likaja likaondoka. Wiki iliyofuata Kaspar alipandisha ng'ombe, na Bendicht akamsaidia kuwafunga kengele shingoni.